Kabla ya Kumwambia Avute Pumzi

Mdogo wangu alivua hedifoni, akanitazama kwa mshangao wa kweli, akaniuliza, "Dada, na huyu mama naye ameanza lini?"

Huyo mama ilikuwa ni sauti ya kwenye programu ya simu. Nilikuwa nimeilipia mwezi mzima. Anaongea Kiingereza laini, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Anakuambia ufumbe macho, uvute pumzi, uyaache mawazo yapite kama mawingu. Mimi hunisaidia. Nikitoka kazini, baada ya saa mbili kwenye foleni ya Mbagala, huisikiliza nikiwa nimejilaza na usingizi unakuja. Nikaona nimpe na yeye, maana daktari alikuwa ametuambia kwamba mgonjwa apunguze msongo wa mawazo. Sikufikiri hata kidogo kwamba huyu ni mtu ambaye kwa miezi saba alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimsema, na mimi sasa namwongezea mwingine, tena namtia masikioni kwa mikono yangu mwenyewe.

Tulicheka wote wawili mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Usiku ule sikulala.

Tangu siku ile nina ugomvi, na leo nataka kuutoa hadharani. Sigombani na zoezi la kupumua. Nagombana na tabia yetu sote, madaktari, wachungaji, waganga, ndugu, na sisi vijana tuliosoma tunaojua programu ya kila kitu. Tunamkabidhi kijana anayeumwa kazi ya kujituliza, halafu sisi wenyewe tunarudi kwenye kelele zetu. Hoja yangu ni moja: kama msongo ndio unaochangia kumrudisha mgonjwa hospitalini, basi darasa la kutulia lianze na sisi tuliomzunguka.

Nitende haki kwanza, kwa sababu tiba ninayoizungumzia ni ya kweli. Wanaiita kwa Kiingereza, mimi nitaiita tiba ya uzingativu. Uzingativu ni kukaa na kilichopo sasa hivi, pumzi yako, nyayo zako sakafuni, mlio wa feni, wazo linalokuja, bila kukihukumu na bila kukikimbilia. Mizizi yake imo katika dini ya Kibudha. Aliyeifanya kuwa huduma ya hospitali ni Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyeanzisha mwaka 1979 kozi kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo.

Kwa miaka mingi wataalamu waliogopa kuitumia kwa watu wenye saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia, kuona au kuamini kwa uhakika kabisa mambo ambayo wenzake hawayapati. Hofu hiyo haikutoka hewani. Zipo taarifa za watu waliovurugika akili baada ya siku nyingi za kukaa kimya wakitafakari, bila usingizi wa kutosha. Ndipo mwanasaikolojia wa Uingereza, Paul Chadwick, akaikata upya kama fundi anavyopunguza suruali. Zoezi likawa la dakika kama 10 tu. Ukimya mrefu ukaondolewa. Anayeongoza anasema neno kila baada ya muda mfupi ili mtu asizame peke yake. Na lengo likawekwa wazi kwamba hatutafuti kuzima sauti. Mtu anajifunza kuona kwamba sauti imekuja, imesema ilichosema, na yeye halazimiki kupigana nayo wala kuitii.

Kwa nini msongo utajwe sana kwenye ugonjwa huu? Mwaka 1977 watafiti wawili, Joseph Zubin na Bonnie Spring, waliandika hoja ambayo mpaka leo inafundishwa. Kila mtu ana kiwango chake cha udhaifu alichokuja nacho au alichokipata maishani, na maisha humwongezea mizigo. Mizigo ikizidi kiwango, ugonjwa unajitokeza. Mimi naielewa hivi: kuna mtu amepewa ndoo, kuna aliyepewa kisado. Maji yale yale yanayomfika huyu nusu, kwa yule yanamwagika.

Sasa tazama tunavyoitumia hoja hiyo. Mtu ana kisado, maji yanamwagika, na sisi tunasimama juu yake na jagi mkononi tunamwambia ajifunze kutulia.

Kwa Kiswahili tuna toleo letu la zamani la ushauri huu, halina hata haja ya simu: "Acha mawazo." Mdogo wangu ameambiwa acha mawazo na daktari, na mchungaji, na mjomba, na konda wa daladala aliyemwona akiongea peke yake. Mtu ambaye mawazo yake yameacha kumtii anaambiwa ayaache, kana kwamba ameyashika. Programu yangu ya simu ilikuwa ni "acha mawazo" hiyo hiyo iliyovaa suti.

Hebu niyataje hayo mawazo aliyotakiwa kuyaacha.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akaacha kula mezani na wenzake, kisha akaikata laini yake ya simu kwa mkasi kwa sababu kuna watu walikuwa wanamsikiliza kupitia humo. Bwenini walimpa jina, "Mirembe", kwa ile hospitali ya Dodoma, kama sisi sote tulivyozoea kuitaja kwa kejeli tangu shule ya msingi. Aliporudi nyumbani, familia ilimpeleka kwenye maombi. Usiku wa mkesha tatu mfululizo, bila chakula, watu wakimpigia kelele sikioni ili kinachomsumbua kitoke. Sisemi maombi ni mabaya, Mama anaomba mpaka leo na sala zake zinamsaidia. Nasema kumnyima mgonjwa wa aina hii usingizi ni kumwagia mafuta ya taa. Kisha tukaenda kwa mganga. Kisha, mwezi wa saba, hospitali.

Hospitali walimpa haloperidoli. Siku ya pili shingo ikapinda upande mmoja, ulimi ukawa mzito, macho yakatazama juu hayashuki. Mama akasema pepo ndiyo limekataa kutoka. Halikuwa pepo, ilikuwa dawa. Kukakamaa kwa misuli ni jambo linalojulikana sana kwa dawa hiyo, na ipo dawa nyingine, benzheksoli, ya kuituliza. Hakuna aliyetuambia. Tulirudishwa nyumbani na karatasi, tukanunua dawa nje ya geti kwa sababu ndani hazikuwepo, na mashauri yote tuliyopewa yalikuwa sentensi moja, kwamba mgonjwa apunguze msongo. Hakuna aliyetuuliza msongo wenyewe unatoka wapi.

Dawa, zilipowekwa sawa, zilimsaidia sana. Naomba hili lisomwe mara mbili, kwa sababu wapo watakaonishangilia kwa kuwasema madaktari wakidhani nasema dawa zitupwe. Sauti zilipungua, akaanza kulala, akaanza kula. Tukafurahi. Na kwa kuwa tulifurahi, tukaona amepona, na kwa kuwa tuliona amepona, tukaanza kumdai.

Tulimdai arudi chuo. Tulimdai aeleze kwa nini hakusema mapema. Tulimdai aamke, aoge, asalimie wageni, asikae chumbani, asikae nje akitazamwa na majirani. Jumapili moja, mbele ya wageni, Baba alimwambia, "Nimeuza kiwanja kwa ajili yako." Hakupaza sauti. Aliisema kwa uchovu, kama mtu anayesoma risiti. Mdogo wangu akanyanyuka, akavaa kandambili, akatoka. Alipatikana siku ya tatu Mkuranga, amekwenda kwa miguu, nyayo zimepasuka, na wale watu wasioonekana wamerudi wote.

Ndipo tukafika kliniki nyingine, na huko tukampata nesi mmoja ambaye kwangu ndiye mwalimu wa jambo hili lote.

Alimweka mdogo wangu kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Hakumwambia afumbe macho. Alimwambia, "Sikia nyayo zako zinavyokanyaga sakafu. Sasa sikia mgongo ulivyoegemea kiti." Akanyamaza kidogo, akarudi. "Kama wamekuja, sawa. Wamekuja. Huna haja ya kuwajibu. Rudi kwenye nyayo." Akanyamaza kidogo, akarudi tena. Hivyo hivyo kwa dakika 10, sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza dukani. Alipomaliza alimuuliza ilikuwaje. Mdogo wangu alifikiri, akasema, "Walikuwepo, lakini walikuwa nje ya mlango."

Kwa hiyo nimeiona tiba hii ikifanya kazi, ikiwa mikononi mwa mtu anayejua, ikiwa imepunguzwa kumfaa anayeivaa, na ikiwa juu ya dawa, sio badala yake.

Lakini nesi hakuishia hapo. Alitugeukia sisi watatu, Baba, Mama na mimi, akauliza, "Mzee, samahani. Nyumbani kwenu huwa kimya saa ngapi?"

Tulitazamana. Baba akatazama kofia yake. Mama akajibu, "Umeme ukikatika."

Nesi hakucheka. Alinipa mimi kazi, kwa kuwa ndiye niliyeonekana msomi. Jumamosi moja, tangu asubuhi mpaka kulala, niandike kila sentensi anayoambiwa mdogo wangu nyumbani, au inayosemwa juu yake akiwa anasikia. Nisibadilishe kitu, nisimwambie mtu. Niandike tu.

Nilitumia kurasa za nyuma za daftari la matumizi. Zilikuwa sentensi 31. Kati ya hizo, 22 zilikuwa amri au maswali ya ukaguzi. "Umekunywa dawa?" peke yake ilitokea mara sita, na mara nne kati ya hizo ilikuwa yangu. Sentensi tano zilikuwa lawama. Tatu zilimzungumzia yeye kama hayupo, ilhali amekaa hapo hapo anamenya viazi. Ilibaki moja. Mtoto wa jirani alichungulia mlangoni akasema, "Kaka, nitengenezee tiara."

Siku nzima, mtu mmoja tu alimwomba mdogo wangu kitu ambacho mtu mzima mwenye akili huombwa, naye alikuwa na miaka saba.

Nilipoanza kusoma, nikakuta kwamba nesi hakujitungia zoezi lake. London, mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown na wenzake waliona jambo la ajabu kwa wanaume waliotolewa hospitali za magonjwa ya akili: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walirudiwa na ugonjwa kuliko waliokwenda kukaa vyumba vya kupanga au kwa ndugu wa kuzaliwa nao. Wakaanza kupima. Walikaa na jamaa wa mgonjwa, wakamwacha azungumze, wakahesabu lawama, tena wakisikiliza na toni ya sauti. Walitazama mambo matatu hasa: kulaumu, uhasama, na lile ambalo sisi tunaliita mapenzi, yaani kumganda mgonjwa, kumlilia, kumfanyia kila kitu, kutomwachia nafasi ya kupumua. Mwaka 1972 Brown, Birley na Wing walichapisha matokeo ya wagonjwa 101. Kati ya waliorudi kwenye nyumba zilizojaa mambo hayo, asilimia 58 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi tisa. Katika nyumba nyingine, asilimia 16.

Soma tena hizo namba, kisha unieleze kwa nini tunamfundisha kupumua mgonjwa peke yake.

Waingereza walizisoma. Mwongozo wao wa kitaifa wa tiba ya saikosisi wa mwaka 2014 unataka kila familia inayoishi na mgonjwa ipewe vikao vya pamoja, visivyopungua 10, katika muda wa miezi mitatu mpaka mwaka. Vikao 10 vya familia. Sisi tulipewa sentensi moja mlangoni.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu Baba alishanijibu. "Kwa hiyo sisi ndio tuliomtia wazimu?" Ni swali la haki, na lina historia mbaya. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama mwenye kuzaa skizofrenia kwa malezi yake, na kwa miaka mingi baada ya hapo akina mama wa Marekani walitazamwa hospitalini kama wahalifu, pamoja na uchungu wa kuuguza. Wazo lile lilikuwa kosa, na limekwisha kuachwa. Sililipii nauli lirudi.

Nilimjibu Baba hivi. Hatukuuwasha huu moto. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini umemshika yeye na si mimi, tuliozaliwa tumbo moja na kula sufuria moja. Lakini tulikuwa tunaupepea, na anayepepea moto anaweza kuacha bila kukubali kwamba ndiye aliyeuwasha. Tena lawama nyingi katika nyumba kama yetu ni hofu iliyokosa pa kwenda. Nikimuuliza kama amekunywa dawa mara nne, simkagui. Naogopa Mkuranga. Yeye hasikii hofu yangu, anasikia mkaguzi.

Wapo pia watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hapo ndipo nataka wasogee karibu zaidi. Mmarekani mmoja, Juli McGruder, alikaa Zanzibar miaka ya 1990 akifuatilia familia chache zenye ndugu wanaougua skizofrenia. Alikuta nyumba ambazo lugha ya ugonjwa ilikuwa ya mashetani na majaliwa ya Mungu, na ambazo kelele zilikuwa chache. Shetani huja na huondoka. Akija, watu wanavumilia. Akiondoka, mgonjwa anarudi kwenye kazi zake, hakai na jina la ugonjwa usoni muda wote, na hakuna anayemdai maelezo ya siku zilizopita. Mwandishi Ethan Watters aliisimulia kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuwaonyesha Wamarekani kwamba wana la kujifunza kwetu.

Fikiri jambo hilo kwa makini. Linakuja, linaondoka, huna haja ya kupigana nalo, rudi kwenye kazi yako. Kile ambacho nesi alikuwa akimfundisha mdogo wangu kwa dakika 10, nyumba zile zilikuwa zikikifanya siku nzima, na waliokifanya walikuwa jamaa. Mgonjwa hakuachiwa peke yake kazi ya kuwa mtulivu katikati ya fujo. Utulivu ulikuwa wa nyumba.

Sitaki kuipaka rangi Zanzibar wala bara. Hizo zilikuwa familia chache, na tunajua nyumba nyingine ambako lugha hiyo hiyo ya mashetani imemfunga mtu kamba, imemwekea pilipili machoni, imemchelewesha kufika hospitali. Sisi wenyewe tulichelewa miezi saba. Imani ya familia haikuwa ndiyo dawa. Kilichosaidia ni mwenendo ambao imani hiyo, katika nyumba zile, iliuruhusu. Na mwenendo huo anaweza kuwa nao mlokole, Mwislamu, na asiyeamini kitu.

Jibu la mwisho ninalolijua ni la umaskini, na hili ndilo zito. Nani atazifundisha familia? Kliniki ina daktari mmoja na foleni ya tangu alfajiri. Mama naye ana msongo wake: kodi, sukari, mume aliyestaafu, mtoto mgonjwa. Utamwambiaje mtu huyo awe mpole kama maji ya mtungi?

Ndiyo maana nasema zoezi lianze kwake. Siku ya kliniki tunakaa benchi moja saa nne, mgonjwa na aliyemsindikiza, na aliyemsindikiza huwa anasinzia au anagombana na foleni. Nesi mmoja anaweza kuwakusanya wasindikizaji 15 chini ya mwembe kwa dakika 10 za nyayo na pumzi, kisha nusu saa ya kuulizana: dawa hii inafanya nini, shingo ikipinda nifanye nini, nikiona halali usiku wa pili nimpigie nani, nimwambie nini asubuhi badala ya "umekunywa dawa". Hili halihitaji jengo wala mfadhili wala programu ya Kiingereza. Linahitaji kliniki ikubali kwamba mgonjwa wake ni wa nyumba fulani, na nyumba hiyo ina masikio.

Na vyuo navyo visikwepe. Ugonjwa huu hupenda kuanza katika umri ule ule tunaowapeleka watoto chuoni. Mwanafunzi anayevunjika mguu hupewa ruhusa na kuulizwa hali. Mdogo wangu alipewa barua ya kukosa mitihani. Kama chuo kinaweza kuleta mtaalamu wa kufundisha wanafunzi kuvuta pumzi katika wiki ya afya ya akili, kinaweza pia kuandika kanuni inayomwezesha aliyeugua kusimamisha masomo bila kupoteza nafasi yake. Hiyo kanuni itaondoa msongo mwingi kuliko pumzi za ukumbi mzima.

Na wewe unayesoma hapa, ambaye huenda una programu kama yangu kwenye simu, usinielewe vibaya. Endelea nayo kama inakufaa. Lakini akiugua mtu wa kwenu, usimtumie kiungo cha kupakua. Mpeleke hospitali mapema, ukae naye, uulize maswali yote juu ya dawa mpaka ujibiwe. Kisha chukua daftari, Jumamosi moja, uandike.

Sisi hatujafika mbali. Mdogo wangu anakunywa dawa zake, na baadhi ya watu wake bado huja, hasa saa za magharibi. Hajarudi chuo. Anatengeneza redio na feni za mtaa, na tiara nyingi kuliko inavyohitajika Mbagala nzima. Dawa anaziweka mwenyewe kwenye kopo la kahawa juu ya friji, na mimi nimekatazwa kuuliza. Naruhusiwa kutazama kopo. Sijui kama mwaka huu utapita bila Mkuranga nyingine. Hakuna anayeweza kuniahidi, na ninapowaza hivyo ndipo ninapotaka kuuliza mara ya tano.

Jioni huketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, macho wazi, nyayo chini, dakika zake 10. Wiki ya kwanza Baba alimpita akasema, "Unafanya nini hapo kama sanamu?" Wiki ya pili alimpita kimya. Juzi nilimwona Baba anatoka chumbani, anamtazama, anarudi ndani, na taarifa ya habari ya saa mbili, ambayo tangu nizaliwe inasikika mpaka kwa jirani, ikashushwa sauti.

Jumamosi iliyopita nilichukua daftari nikaanza kuhesabu tena. Nilifika saa sita mchana nikaacha, kwa sababu aliniita nimshikie waya wakati anachomea, na sikuwa na mkono wa kuandikia.